Miili Haiko

Tulifika saa nne kasoro, gari limejaa
sufuria ya muthokoi, leso mbili, mpira uliotoka upepo,
na shangazi Syombua kiti cha mbele, mkoba magotini,
hajasema neno tangu Bomas.
"Ni petroli inamchefua," alisema mume wangu.

Langoni bawabu alituhesabu kama magunia:
wakubwa watatu, raia. Watoto wawili.
Kitambulisho cha shangazi alikigeuzageuza juani.
"Chakula hakiingii ndani ya jumba."
Muthokoi ukabaki garini, ukipumua chini ya leso.

Jumba lenyewe halikuwa kubwa kama nilivyolitarajia.
Mawe ya kijivu, vigae vimeota kuvu,
baraza pana linalotazama mteremko
hadi kule mto unakojificha
na vilima vya Ngong vinahesabika, kifundo kwa kifundo.
Nyasi zimenyolewa kama kichwa cha mwanafunzi wa bweni.

Kiongozi wetu, Lemaiyan, shati limenyooshwa,
alianza na mwaka wa kumi na mbili, na meli, na piano.
Shangazi alikuwa ameinama mlangoni
anavua viatu.
"Mama, siku hizi tunaingia navyo tu."
"Najua," akasema, akavivua,
akavipanga sambamba, visigino ukutani,
akaingia na soksi,
akipita ukingoni mwa ukumbi, si katikati.
Sote tulikanyaga ubao wa saba, ukalia.
Yeye mguu wake ulikuwa umeshauruka.

Ukutani, vichwa: swala, kuro, pongo wawili,
macho ya kioo, vumbi kwenye kope.
Mutuse, miaka minne na nusu, alivitazama,
akaniponyoka mkono,
akatoka mbio, akauzunguka ukuta
hadi chumba cha pili,
akarudi uso umemwiva.
"Mama, miili haiko."

Watu walicheka, kicheko kikapanda darini.
Nami nilicheka, Mungu anisamehe.
Mtoto alitafuta kwa haki:
aliye na kichwa upande huu
mkia wake lazima uwe upande ule.

Lemaiyan ndiye aliyenyamaza kwanza.
Akachuchumaa. "Walipigwa risasi. Zamani."
"Wote?"
"Hawa, wote."
"Nani aliwala?"
Hilo halikuwa kwenye karatasi yake.
"Mnofu ulienda mezani,"
alisema shangazi, ametugeuzia mgongo, yuko dirishani.
"Supu ilikuwa yetu. Supu na kwato."
Kisha, kana kwamba ameulizwa saa:
"Twendeni tukale, chakula kinapoa."

Tulitandika leso mteremkoni.
Kavata alilalamika hakuna mtandao.
Baba yake alipuliza mpira kwa mdomo mpaka macho yakamtoka,
ukakataa.
Na hapo, kwenye ua wa michongoma,
pongo jike alichomoza,
akasimama kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.

Mutuse aliinuka, kijiko bado mdomoni.
Hakumkimbilia. Alisogea pembeni, hatua nne, tano,
amwone ubavu mzima.
Kichwa. Shingo. Madoa, yale meupe kama chokaa iliyodondoka.
Miguu, akaihesabu kwa kidole.
Mkia ukachezacheza.
"Huyu hawajamkata," alituambia, kwa sauti ya daktari.
Shangazi aliacha kutafuna.
Nilimwona akimtazama mtoto, si mnyama.

Viatu tulivikumbuka Galleria, foleni haisongi.
Soksi za shangazi zimejaa mbegu za nyasi,
anazitoa moja moja, anazitia mkobani.
"Viacheni," alisema. "Na vilale kwenye mlango wa mbele,
hata usiku mmoja."

Mume wangu aligeuza gari hata hivyo.
Vilikuwa vya elfu mbili mia tano, vya Krismasi,
na alivinunua yeye.